Nshomile Chini ya Maji

Niliitoboa ngoma ya sikio langu mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Sisi Wahaya tunataniwa kwa neno moja: nshomile, nimesoma. Na mimi, mtoto wa Kishanda, Muleba, nilikuwa nimesoma kweli. Usiku wa kuamkia mafunzo ya kuzamia kwa mtungi kule Nungwi, Zanzibar, ningekueleza bila kugugumia kwamba ukishuka mita 10 tu mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, kwamba hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio husinyaa, na kwamba inabidi uiongeze kupitia mrija unaotoka kooni: unabana pua, unapuliza taratibu, mapema, kabla hujasikia maumivu. Mwalimu aliongeza: "Sikio halilazimishwi, kaka. Likikataa, panda kidogo."

Nilikuwa na mafua. Sikumwambia. Nilishalipa, tena nilishajitapa kwa wenzangu kwamba nimekulia kuogelea ziwani Kemondo.

Tulishuka tukishika kamba. Kwenye mita ya tatu sikio la kushoto likagoma. Ishara yake ni rahisi: unachezesha kiganja, kisha unaonyesha sikio. Lakini dada mmoja ambaye asubuhi aliogopa hata kupanda boti alishanipita, yuko chini ananitazama. Nikaona aibu. Nikabana pua, nikapuliza kwa nguvu. Nikapuliza tena.

Maumivu yakakoma ghafla. Nikafurahi: limefunguka! Halafu baridi ikapenya ndani ya kichwa, kamba ikaanza kuzunguka, na juu sikujua tena ni wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Halikufunguka. Lilipasuka.

Niliing'ang'ania kamba mpaka kizunguzungu kikapungua, mwalimu akanipandisha. Kwenye miwani mlikuwa na kamasi yenye damu.

Ada haikurudi. Desemba iliyofuata nilikaa ufukweni Kemondo, pamba sikioni, nikiwalindia wapwa zangu viatu wakati wao wanaoga. Ngoma ilikuja kujifunga yenyewe, ila simu sasa naipokelea sikio la kulia.

Ukienda kuzamia, kusoma utasoma tu. Yataje mafua yako kabla hujavaa mtungi, na sikio likigoma, chezesha kiganja. Mimi ishara ile niliifanya nikiwa nimeshaketi ndani ya boti, mwalimu aliponiuliza swali nisilisikie.