Kitone cha Buluu Kilinidanganya, Nami Nikawadanganya Nyinyi

Leo sina kifaa kipya cha kuwaonyesha. Leo nina deni nataka kulipa.

Wale mmekuwa nami tangu mwanzo mnaikumbuka ile video ya iPad ya mtumba. Niliinunua mjini, nikaja nayo hapa Mikindani, nikafungua ramani. Kitone cha buluu kikakaa juu ya paa letu kabisa, hakikukosea hata nyumba moja. Nikaweka kamera nikasema kwa mdomo mpana: "Rubani wa ndege ndogo ahitaji nini tena? Hii hapa yatosha." Mlipenda sana. Video zangu zote za nyuma hazikufika hapo.

Sasa, mtoto wa mamangu mdogo anasomea urubani pale Wilson, Nairobi. Ni dadangu mkubwa kwangu, na ndiye pekee kwenye ukoo ambaye sikusikia akinisema nilipoacha chuo mwaka wa pili. Mama mdogo ameuza kiwanja ili binti arushe Cessna. Dada aliona video, akanipigia: "Mdogo wangu, hiyo kitu kweli inafanya kazi?" Nikamjibu bila hata kufikiria: "Dada, n'shaijaribu. Chukua." Nikamtumia kwa basi la usiku.

Wiki mbili baadaye nikapata voice note. Walikuwa wametoka Wilson kuja Ukunda, yeye na mwalimu wake, safari ya kama saa mbili na nusu kwa Cessna 172. iPad iko pajani, imefungwa kwa mkanda. Mwalimu akamuuliza, "Tuko wapi?" Dada akaangalia kitone, akasema, "Athi River." Mwalimu akanyamaza kidogo, akamwambia atazame nje. Chini kulikuwa na reli, barabara ya Mombasa na pori tupu. Athi River walikuwa wameipita kitambo. Kitone kilikuwa kimeganda tangu walipoacha mji, na hakikusema chochote. Kilikaa pale pale, cha buluu vile vile, kinang'aa vile vile.

Mwalimu alimfunika ile iPad kwa kofia, akampa ramani ya karatasi. Dada akafuata reli mpaka Mtito Andei, mpaka Voi, akaja akaona bahari. Siku hiyo hakukuwa na mawingu. Lakini nyinyi mnaijua hiyo njia. Mkono wa kulia ukija Pwani kuna vilima vya Chyulu, halafu milima ya Taita, na kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Fikiria yuko peke yake, mawingu yameshuka, na anaamini kitu kinachomwambia bado yuko Athi River. Mimi nililala vibaya wiki nzima.

Kumbe kosa lilikuwa dogo la kuaibisha. Ile iPad ni ya WiFi peke yake, haina sehemu ya laini ya simu. Na iPad za WiFi peke yake hazina GPS ndani. Hazina kabisa. Zile zinazotumia pia laini ya simu ndizo zinazo. Yangu ilijuaje paa letu basi? Ilikuwa inasikiliza majina ya WiFi za majirani, inalinganisha na orodha kubwa iliyoko mtandaoni, halafu inakisia. Mjini inakisia vizuri sana. Juu ya Tsavo, tembo hawana rauta.

GPS ya kweli ni kitu kingine. Ni setilaiti ziko juu kama kilomita 20,200, kila moja inatangaza saa yake. Kipokezi chako kinapima ishara imechelewa kiasi gani kutoka kwa kila setilaiti, na ikipata nne inajua uko wapi na uko juu kiasi gani. Haihitaji bando hata senti, manake yenyewe inasikiliza tu. Kinachohitaji bando ni kupakua ramani, na hiyo unaifanya ukiwa bado chini.

Ndio marubani wa ndege ndogo hununua kipokezi cha nje. Ni kijikasha cha kutosha kiganjani, kina betri yake, kinaongea na tableti kwa Bluetooth. Bad Elf wanatengeneza, Garmin wana GLO, Dual nao wana zao. Hiyo GLO inasoma setilaiti za Marekani na za Urusi pamoja, na inapeleka mahali ulipo mara 10 kwa sekunde moja. Unakiweka mbele kwenye kioo kinapoona anga, na tableti inabaki pajani.

Hapo kwa pajani msipapuuze, nyinyi watu wa Pwani. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto la hewa la nyuzi 0 hadi 35. Ukiiweka kwenye dashibodi ya ndege jua la Februari, inaandika kwamba imepata joto na inajifunga mpaka ipoe. Mimi niliona kwenye tuktuk ya rafiki yangu, tumesimama tu foleni tunangoja abiria. Kwa hivyo kile kipokezi cha nje kinasaidia mara mbili: anayeona anga akae juani, mwenye kioo akae kivulini.

Na msidanganyike na video za Marekani kama nilivyodanganyika mimi. Kule kuna vipokezi vinavyoleta hata picha ya mvua kwenye tableti, bure, kutoka minara ya chini. Hiyo ni huduma ya kwao. Ukinunua ukaja nacho hapa, mvua utaiona kwa macho yako.

Nilipokuwa nasoma haya mambo nikakutana na kisa kimoja kikanikaa. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya Korea, safari namba 007, ilitoka Anchorage kwenda Seoul, ikaingia anga ya Urusi ya wakati ule na ikadunguliwa. Watu 269 walikufa. Wachunguzi walisema mtambo wa kujiendesha ulibaki umeshika uelekeo mmoja badala ya kufuata njia iliyopangwa, na zaidi ya masaa 5 marubani hawakugundua. Mtambo haukuwa mbovu, ulikuwa unafanya kile ulichowekewa. Baada ya hapo ndio Rais Reagan akatangaza GPS itakuwa wazi kwa raia wa dunia nzima ikikamilika. Ile tunayoitumia kuitisha bodaboda.

Kwa hivyo shida si kifaa. Kitone cha ukweli na kitone kilichoganda vina rangi moja. Na nikajiangalia kwenye ile video nikaona ni mimi huyo huyo. Nikijua kitu nasema kwa sauti hii, nisipojua pia nasema kwa sauti hii hii. Nyinyi mtatofautishaje? Dada hakutofautisha, na ananijua tangu nanyonya.

Nimeitoa ile video. Pesa yake nimeongezea nyingine nikanunua kipokezi, na safari hii nilikijaribu kabla ya kufungua mdomo. Tulizima WiFi, tukakiwasha, tukapanda feri ya Likoni. Katikati ya maji, hakuna rauta ya mtu, kitone kikatembea na sisi taratibu mpaka ng'ambo. Halafu nikakizima makusudi, nione programu itaniambia nini ikipoteza ishara. Hilo ndilo jaribio nililopaswa kufanya mwanzo.

Dada sasa anaruka nacho. Lakini mwalimu wake amempa sharti: kila baada ya dakika 10 anachora alama kwa penseli kwenye karatasi, anaandika saa, anatazama nje kama mto au reli iko pale inapotakiwa kuwa. Kitone ni cha kulinganisha, si cha kufuata kipofu. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akacheka, akasema, "Nakusamehe, lakini sasa ukiniambia kitu nakuuliza umejaribia wapi."

Nyinyi pia niulizeni. Na kama una tableti hapo nyumbani na unadhani ina GPS, fanya hivi leo: zima WiFi, toka nje, tembea mpaka stejini. Kama kitone kimebaki sebuleni, n'shakwambia.