Bomba la kiti lililolia "tak"



Wapendwa waamini, juma lililopita baadhi yenu mlituona alfajiri, kabla ya Misa, tukitembea kwa haraka kuelekea njia ya Rhotia, nanyi mkauliza ni nani anayehitaji Mpako wa Wagonjwa. Hakukuwa na mgonjwa. Tulikuwa tukimuwahi kijana mmoja wa parokia yetu asipande baiskeli yake.

Kijana huyo alipewa na mgeni mtalii baiskeli iliyokwisha kutumika, yenye fremu na bomba la kiti vya nyuzi za kaboni. Ndiyo aina waitumiayo mabingwa: Greg LeMond alishinda Tour de France ya mwaka 1986 juu ya fremu ya namna hiyo, na baiskeli za kaboni zilijaa Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Yeye shabaha yake ni mbio za baiskeli za Tamasha la Michezo la Karatu. Alituletea tumfungie kiti, maana anajua kwamba tangu seminarini tumezoea kutengeneza Phoenix zetu wenyewe.

Na hapo ndipo penye kosa: tulichokijua ni Phoenix. Phoenix ni chuma, na chuma kikizidiwa hupinda, nawe ukaona. Bomba lake hupakwa grisi lisishike kutu, kisha nati hukazwa mpaka mkono ukatae. Tukafanya vivyo hivyo. Kijana akaenda hadi sokoni, akarudi: "Padre, kiti kinashuka." Tukakaza. Akarudi mara ya pili. Tukakaza kwa mikono miwili, na bomba likalia "tak", kama kijiti kikavu. Tuliangalia, hatukuona kitu. Kijana akashukuru, akaondoka. Nasi hatukusema neno.

Usiku ule ndipo tuliposoma, jambo tulilopaswa kulifanya kwanza. Kaboni ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Zikivutwa kwa urefu wake zina nguvu ya ajabu. Zikibanwa kwa ubavu hupasuka, na aghalabu ufa hujificha ndani hadi siku bomba linapokatika ghafla. Kwa sababu hiyo kibanio cha kiti kiliandikwa kikomo chake, nyutonimita 5, kwa herufi ndogo ambazo hatukujali kuzisoma. Kiasi hicho ni sawa na mzigo wa kilo 5 ukining'inia kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 10. Mikono yetu miwili ilizidi hapo kwa mbali. Grisi nayo ndiyo iliyokuwa ikikishusha kiti! Bomba la kaboni hupakwa dawa maalumu yenye chengachenga mithili ya mchanga laini, ili lishike bila kubanwa sana.

Kilichotuondolea usingizi ni kwamba kijana alikuwa ametuambia kuwa asubuhi angeteremka Mto wa Mbu kufanya mazoezi. Ule mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa mnaujua, kona zake na malori yake.

Tulimkuta akijaza upepo. Tukamweleza yote, pamoja na ule mlio. Alilegeza kibanio, akalitoa bomba na kulifuta grisi. Pale lilipobanwa palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa buibui. Akalitazama kwa muda mrefu. "Padre, ungeniambia jana." Baba yake, aliyekuwa zizini, alijifanya hakusikia.

Bomba lililopasuka haliungwi kwa gundi wala kwa waya. Tulinunua Arusha la alumini, lenye kipenyo kilekile cha milimita 27.2, na fundi mwenye spana ya kipimo akalifunga kwa dawa ile ya chengachenga. Fremu aliigongagonga kwa sarafu, akisikiliza kama kuna mahali panapotoa sauti ya ububu. Hakupata, ingawa alituonya kwamba sarafu haioni kila kitu. Alikataza pia kuibana fremu kwenye jiliwa wakati wa matengenezo, na kuifungia kereti ya kubebea mahindi. (Mama wa kijana hakufurahi. Baiskeli isiyobeba debe la mahindi, alituuliza, ni baiskeli ya nini?) Kila mwezi bomba litolewe na kufutwa, kwani alumini na kaboni zikikutana na maji au jasho, alumini huliwa na bomba huganda ndani ya fremu. Na vumbi letu jekundu lioshwe kwa maji na sabuni laini, kwa maana hulika rangi na gundi kama msasa.

Rimu zake, tunashukuru, ni za alumini. Zile za kaboni zinazobanwa na breki za mpira hupata joto kali katika mteremko mrefu kama ule wetu, hata gundi yake ikalegea.

Bomba lile la zamani lipo ofisini kwetu, juu ya kabati la vitabu vya ubatizo. Kijana alishuka Mto wa Mbu Jumamosi na kurudi salama, akapitia kutusalimu. Tulipotaka kumkazia kiti kidogo, aliichukua spana mkononi mwetu kwa heshima, akaitia mfukoni.