Maradhi ya Boila

Katika nchi ya Uingereza nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji. Ndani ya kabati la jikoni, au katika pembe ya dari, huwekwa sanduku la chuma liitwalo boila. Gesi huwaka ndani yake, maji hupata moto, na pampu huyasukuma mpaka kwenye rejeta zilizo ukutani katika kila chumba. Yakiisha kutoa joto lake hurudi kupashwa tena. Sanduku hilo halitazamwi na mtu mpaka siku linapogoma, na kwa desturi ya vitu vya namna hii, hugoma usiku wa mwezi wa Januari. Nilikaa London miaka minne nikisomea shahada ya udaktari, na katika mambo niliyojifunza huko ambayo hayakuingia katika tasnifu yangu, moja ni namna ya kuitambua boila iliyougua.

Baadhi ya dalili zake ni makelele. Mtu aliyezoea kupambanua kuchemka na kutokota, kuvuma na kuguruma, ana sikio lililokwisha kufunzwa nusu ya kazi hii. Boila nzima huvuma tu, kwa sauti ya chini isiyobadilika. Ikianza kulia kama birika, aghalabu sababu ni chokaa. Maji ya London yana chokaa nyingi, na chokaa hiyo hushika kama ukoko pahali pale ambapo moto hukutana na maji. Maji yaliyonaswa chini ya ukoko hugeuka mvuke, nao mvuke ukitafuta njia hupiga kelele. Mabomba yakibwata kama mtu anayesukutua, upepo umeingia ndani yake. Hapo rejeta huwa na moto chini na baridi juu, na dawa yake ni kufungua skrubu ndogo iliyo pembeni kwa ufunguo wake, upepo utoke mpaka maji yaanze kudondoka. Rejeta yenye moto juu na baridi chini ina maradhi mengine: tumboni mwake mna tope jeusi la kutu, na kazi hiyo ni ya fundi.

Kuna pia saa ndogo yenye mshale, ionyeshayo nguvu ya maji kwa kipimo kiitwacho baa (wala si ile ya walevi). Maji yakiwa baridi, mshale hukaa baina ya 1 na 1.5. Ukishuka mno chini ya 1, boila huweza kukataa kuwaka. Mwenye nyumba aweza kuongeza maji mwenyewe, na akiongeza mara moja kwa mwaka hana haja ya kuhangaika. Lakini akilazimika kuongeza kila wiki, ajue kwamba mahali fulani pana bomba linalovuja, hata kama haoni tone sakafuni. Ukipanda mpaka 3, kizibo cha usalama hufunguka na maji humwagika nje ya nyumba.

Dalili hizo zote zina heshima moja: hujitangaza. Hata gesi inayovuja hujitangaza siku hizi. Gesi ya asili haina harufu. Harufu yake mbaya hutiwa na watu kwa makusudi. Desturi hiyo iliimarishwa na sheria za Marekani baada ya mwaka wa 1937, shule moja ilipolipuka katika mji wa New London, jimbo la Texas, wakafa watu wapatao 300, wengi wao watoto, kwa gesi iliyokusanyika chini ya sakafu na pua isiijue.

Maradhi ya boila yanayoua hayapigi kelele. Moto ukikosa hewa ya kutosha, au moshi wake ukikosa pa kutokea, huzaliwa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikivutwa, huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikazunguka mwilini kama mtumishi ambaye mikono yake imejaa mzigo wa mtu mwingine. Wenyeji wa Njombe na Limuru wanaifahamu kazi yake, ingawa huenda hawajui jina lake: ndiyo hewa ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, madirisha yakafungwa, na asubuhi mlango ukagongwa bila jibu.

Boila inayotoa hewa hiyo huacha alama chache, nazo zataka macho. Moto wa gesi unaowaka vizuri ni wa buluu na umetulia. Ukiwa wa manjano na kuyumbayumba, una njaa ya hewa. Masizi au madoa ya kahawia hutokea juu ya kifuniko. Mwali mdogo wa kuwashia, katika boila za zamani, huzimika mara kwa mara, na vioo vya madirisha hutoka jasho kuliko kawaida. Walakini boila nyingi za sasa zimefungwa kabisa, mtu hawezi kuuona moto wake, na kwa hiyo hana budi kuweka karibu nayo kifaa cha kengele kinachoipima hewa. Kabla ya vifaa hivyo palikuwa na ndege. Katika miaka ya 1890 mtaalamu John Scott Haldane alishauri wachimba makaa wafuatane na wanyama wadogo chini ya ardhi, na migodi ya Uingereza iliendelea kumtumia ndege wa manjano wa jamii ya chiriku mpaka mwaka wa 1986. Sisi humwita chiriku mtu asiyekoma kusema. Wachimbaji walimtegemea ndege huyo kwa siku atakayonyamaza.

Chombo kingine cha kupimia ni mwili wa mtu, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa hewa hiyo huanza kwa kumharibia akili yule anayetakiwa kupima. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, tumbo huchafuka. Mgonjwa hudhani ana mafua, ingawa hana homa. Mwandishi Émile Zola alikufa hivyo mjini Paris, mwezi wa Septemba mwaka wa 1902, katika chumba cha kulala ambacho dohani yake ilikuwa imeziba. Mkewe alipona. Ilisimuliwa baadaye kwamba usiku ule wote wawili walijisikia vibaya, naye Zola akakataa watumishi wasiamshwe, akidhani ni chakula kilichowakaa vibaya tumboni. Basi swali la kuuliza ni hili: je, maumivu huondoka utokapo nyumbani? Na je, wengine wa nyumba moja nawe wanaumwa pia?

Katika nyumba yetu tulikuwa wapangaji watatu. Mimi nilishinda maktaba, na kichwa kilichoniuma asubuhi kilikuwa kimepona kabla ya saa sita. Mwenzetu mmoja, kijana wa Mombasa, alikuwa akiandika chumbani kwake kutwa nzima, na alisema ana mafua ya Ulaya yasiyokwisha. Nilikwenda jikoni nikachungulia kioo kidogo cha boila, nikaona moto wa manjano. Tulimpigia simu mwenye nyumba, mzee mpole aliyekaa mji mwingine. Akauliza kama maji ni ya moto. Tukajibu kwamba ni ya moto. Akasema basi boila ni nzima.

Sheria ya huko humtaka anayepangisha nyumba aikaguze boila kila miezi 12, kwa fundi aliyeandikishwa katika daftari la mafundi wa gesi. Cheti kilichobandikwa ndani ya kabati letu kilikuwa cha miaka mitatu nyuma. Kifaa cha kengele hatukuwa nacho. Sheria ya kukilazimisha karibu na boila za gesi katika nyumba za kupanga za England ilikuja mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022, nasi tulikuwa tumekwisha kuondoka zamani. Tuliizima boila, tukafungua madirisha, tukapiga simu ya dharura ya gesi.

Fundi alifika kabla ya saa moja kupita, akaingiza mrija wa chombo chake, akatazama tarakimu, akafunga mfereji wa gesi bila kusema neno. Kisha alifunga kikaratasi chekundu cha kukataza boila isitumiwe. Katika dohani palikuwa na vifusi vya matofali vilivyoanguka kutoka juu, na moshi wote ulikuwa ukirudi ndani.

Tulikaa siku kumi na moja bila moto. Siku ya tatu kijana wa Mombasa alitangaza kwamba mafua yake yamepona. Alikuwa amevaa makoti mawili, na chumba chake kilikuwa na baridi kiasi cha kuiona pumzi yake ikitoka alipokuwa akisema.