Vuli ya Chicago

Katika pwani yetu neno vuli ni neno la mvua. Mtu wa Tanga asemapo kuwa vuli imekaribia, hutazama mawingu na kuuliza kama mbegu za mahindi zimo ndani. Maana vuli ni zile mvua fupi zinyeshazo baina ya Oktoba na Desemba, na ardhi iliyokauka huvaa majani mabichi kwa siku chache tu. Lakini waalimu na wafasiri, walipotafuta jina la majira yafuatayo kiangazi katika nchi za kaskazini, aghalabu waliliazima neno hilo hilo. Hivyo neno moja limetwishwa mizigo miwili isiyofanana: kwetu ni majira ya majani kuota, na huko ni majira ya majani kupukutika. Nalikuwa nikiyajua haya kwa kitabu. Mwaka 2023 niliyajua kwa mwili, nilipokwenda kufundisha Kiswahili katika jiji la Chicago.

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja, nami nilitakiwa kusema, kabla ya mwezi wa Novemba kwisha, kama ningependa kuongeza mwaka wa pili. Nyumbani nilimwacha mama yangu, mtu wa makamo yaliyopita, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kwenda mbali na mlango wake. Sikuwa na shaka juu ya kazi wala juu ya mshahara. Shaka yangu ilikuwa moja: je, mtu aweza kuishi mahali ambapo hakuna amtazamiaye? Kwetu, mtu akichelewa kurudi jioni, watu watatu watauliza yuko wapi. Huko niliweza kupotea kutwa nzima pasiwe na mtu wa kuuliza.

Jiji lenyewe, tukiichunguza asili yake, ni jiji la wageni. Nchi ile ilikuwa ya Wapotawatomi na watu wengine wa asili. Mtu wa kwanza kutoka nje kufanya makao ya kudumu mdomoni mwa mto wa Chicago, katika miaka ya 1780, alikuwa mfanyabiashara mweusi, jina lake Jean Baptiste Point du Sable. Alimwoa mwanamke wa Kipotawatomi aitwaye Kitihawa, akajenga, akalima, akafuga. Mwaka 1800 akauza mali yake na kuondoka. Mwaka 2021 baraza la jiji liliongeza jina lake katika jina la barabara kuu ipitayo kando ya Ziwa Michigan. Katika vuli ya mwaka 1871, usiku wa tarehe 8 Oktoba, moto ulizuka ukaunguza jiji mpaka tarehe 10. Watu wapatao 300 walikufa na wapatao 100,000 wakakosa makao. Waliolijenga upya walikuwa wageni tele, waliotoka pande nyingi za dunia. Nilijiambia kwamba jiji lenye asili hiyo halina haki ya kuwa baridi kwa mgeni. Lakini jiji halina moyo. Wenye moyo ni watu, na watu wale walikuwa na haraka.

Tarehe ile ile ya 8 Oktoba, miaka 152 baada ya moto kuzuka, nilikwenda kutazama mbio ndefu za Chicago. Nilisimama katika mtaa wa Wachina, mahali ambapo wakimbiaji huwa wamekwisha maliza kilomita thelathini na kitu katika zile 42 na ushei. Baridi ya asubuhi ilikuwa ya kuuma masikio. Baada ya saa tatu akatokea mtu mmoja peke yake, mwembamba, hana wa kumfukuza nyuma yake: Kelvin Kiptum wa Kenya, kijana wa miaka 23. Sikujua kwamba siku hiyo angemaliza kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 1 katika mbio rasmi za namna ile. Wala hakuna aliyejua kwamba angekufa kwa ajali ya gari nchini kwake tarehe 11 Februari 2024. Nilijua tu kwamba huyu ni mtu wa upande wetu. Nikapaza sauti, “Twende, ndugu, twende!”

Mtu aliyekuwa mbele yangu akageuka upesi. “Weye unatoka fasi gani?” akaniuliza, kwa Kiswahili cha Bukavu. Alikuwa Mkongo, amekaa Chicago miaka tisa, akifanya kazi ya usiku ya kusafisha ofisi. Tulisimama pamoja mpaka miguu ikafa ganzi, tukazungumza habari za nyumbani. Nilipomweleza upweke wangu, hakunipa pole. Alisema, “Huku, ndugu, usingoje kusalimiwa. Wamarekani si watu wabaya, lakini mtu hakujui mpaka mfanye kazi pamoja. Tafuta kazi ya mikono.” Nilimwambia kuwa kazi ninayo. Akacheka, akasema kazi ya mshahara si kazi ninayoinena.

Siku zikafuatana. Kila asubuhi nilipanda treni ile ipitayo juu ya barabara kwa nguzo za chuma, ambayo mabehewa yake ya kwanza yalianza kwenda mwaka 1892, na humo watu hukaa bega kwa bega kama waumini katika saffu, ila kila mmoja na kibla chake. Baridi ilipozidi, nikaona jambo la kunifurahisha. Juu ya majukwaa ya stesheni ziko taa za joto, na mtu akibonyeza kitufe huwaka nyekundu kwa muda mfupi. Chini ya taa moja hukusanyika tajiri na maskini, mzee na mwanafunzi, wamebanana kama vifaranga. Taa ikizimika, yeyote aliye karibu hukibonyeza kitufe kwa ajili ya wote, wala hakuna asemaye ahsante. Hapo nikaanza kushuku kwamba jiji lina ukarimu wake, ila halina desturi ya kuutangaza.

Nyumbani mwangu lakini baridi haikuwa na taa. Chuma cha kupashia chumba joto kilikuwa kikigonga usiku kucha kama mfua vyuma, wala hakitoi joto. Mwenye nyumba alinijibu mara mbili kwamba majira bado. Jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke mzee aishiye peke yake, aliyasikia malalamiko yangu ngazini. Akaniambia kuwa sheria ya jiji humlazimisha mwenye nyumba, tangu 15 Septemba hadi 1 Juni, kutia joto lisilopungua nyuzi 68 za Fahrenheit wakati wa mchana, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, na nyuzi 66 usiku. “Mwambie hivyo, kwa tarakimu,” alisema. Nilimwambia kwa tarakimu, na siku ya pili chumba kikapata joto.

Mwisho wa Oktoba ukaja usiku wa watoto. Kwa majuma kadhaa watu walikuwa wameweka maboga milangoni, yamechongwa macho na meno; nami, niliyekuzwa kwa boga la nazi, nilipita kando yake kwa uchungu. Tarehe 31 theluji ya kwanza ikanyesha, nyepesi kama unga upepetwao. Niliposikia mlango unagongwa nilishtuka, maana tangu Agosti hapakuwa na mtu aliyepata kuugonga bila ya miadi. Walikuwa watoto wanne: mmoja simba, mmoja maiti, wawili sikuwatambua ni nini. Niliwapa peremende nilizokuwa nazo. Basi nikaelewa kwamba hata taifa lile lina siku yake ya hodi, siku moja katika mwaka, nayo wameikabidhi kwa watoto.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba saa zilirudishwa nyuma: ilipofika saa nane usiku ikawa saa saba tena. Jambo hili, ambalo kwa wenyeji ni kupata saa moja ya usingizi, kwangu lilikuwa msiba mdogo. Tangu nilipofika nilimpigia mama simu kila siku saa saba mchana, nilipokuwa na nafasi baina ya vipindi viwili. Nyumbani ilikuwa saa tatu usiku, naye alikuwa akiningoja kabla ya kulala. Sasa saa saba yangu ikawa saa nne yake. Siku ya kwanza simu ililia bila ya jibu. Siku ya pili alinijibu kwa sauti ya usingizi, akauliza mbona nimechelewa. Nilijaribu kumweleza kwamba Serikali imegeuza saa. Alinyamaza, kisha akasema, “Na jua nalo limekubali?” Jua lilikuwa limekubali upesi mno: tangu siku hiyo lilituacha kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa saa sita mchana nilikuwa darasani, tukabaki na Jumamosi na Jumapili peke yake. Hapo ndipo nilipokata shauri moyoni mwangu kuwa mwaka wa pili sitautaka.

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta yule jirani mzee ameegemea reki uani, akihema. Majani ya miti miwili yalikuwa yamefunika ua wote na ngazi za mbele, nayo yalikuwa yamelowa. Mtu mwenye magoti mabovu angeweza kuteleza akavunjika. Niliipokea reki bila ya kuombwa. Kwetu twasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yangu ilikuwa siku ya themanini, na jembe lenyewe lilikuwa la meno. Tulifanya kazi mpaka adhuhuri, mimi nikikusanya, yeye akishika midomo ya mifuko mikubwa ya karatasi. Alinieleza kwamba ile rangi ya manjano imo ndani ya jani tangu siku za joto, ila rangi ya kijani huifunika. Mti uonapo siku zinafupika huiacha kijani ife, na manjano huonekana. Kumbe mti ule hauumwi, bali unaweka akiba ya nguvu zake. Nikamaliza mifuko kumi na mmoja. Juma lililofuata majani yalikuwa yameanguka tena, nami nikashuka tena; na Jumamosi ya tatu, nilipochelewa kidogo, nilisikia mlango wangu unagongwa. Alikuja kutazama kama naumwa.

Tarehe 23 Novemba, Alhamisi ya nne ya mwezi, ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Yule mzee alinialika. Mwanawe wa pekee anaishi California na safari hiyo hakuweza kuja. Alipika bata mzinga aliyetosha watu kumi. Mimi nilipeleka wali wa nazi, nazi yenyewe ya kopo, naye aliula kwa adabu mara ya kwanza na kwa uroho mara ya pili.

Jumamosi nikampigia mama. Baada ya shikamoo na marahaba nilimhadithia yote: majani, reki, bata mzinga. Akauliza, “Huyo bibi ana mtoto?”

“Anaye, yuko mbali.”

“Basi ni kama mimi,” akasema. Kisha akaniambia jambo ambalo hakupata kuniambia: kwamba tangu nilipoondoka, kijana mmoja wa Kimakonde aliyepanga nyumba ya pili, asiye na jamaa Tanga, ndiye anayemfagilia uwanja na kumchotea maji kila asubuhi. “Sikumwita. Alikuja mwenyewe. Nami nikimwona amechelewa, namtuma mtoto akamtazame.”

Jumatatu nilipeleka jibu kwamba nitakaa mwaka wa pili, kwa sharti la kwenda nyumbani katika likizo ya Juni, sharti likakubaliwa. Sikukubali kwa sababu nimelipenda jiji kuliko mji wangu, wala kwa sababu upweke umekwisha. Nilikubali kwa sababu nimejua upweke ule unaponywa na nini. Wengi wetu twadhani ugeni huisha kwa kuzoea njia, lugha na chakula. Kwa hiyo twahesabu miezi na kungoja. Ugeni hauhesabiwi kwa miezi. Huisha siku mtu anaposhika kazi ambayo, asipoifanya, mwenziwe ataona pengo. Katika dunia hii ya safari, ambamo watoto wa watu wametawanyika mbali na nyua za mama zao, kazi hiyo ipo kila mahali, nayo ni ile ile: kufagia uwanja wa mama wa mtu mwingine, na kutumaini kwamba kwetu nako kuna mgeni aliyeshika ufagio.