Akina Mama wa Uhuru Park

Tuliokuwa Nairobi mwaka 1992 hatujaisahau ile kona ya Uhuru Park. Tarehe 28 Februari, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, waliketi pale wakagoma kula, wakiwa pamoja na Profesa Wangari Maathai. Dai lao lilikuwa moja tu: serikali iwaachilie wafungwa 52.

Wapita njia walianza kusimama, kisha wakaketi nao. Waliowahi kuteswa wakajitokeza mbele ya umati na kusimulia mambo waliyoyaficha kwa miaka mingi. Tarehe 3 Machi askari walikuja na marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo, na kwa mila zao hiyo ni laana kwa mtoto anayemwinulia mama mkono.

Hawakurudi nyumbani. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 wafungwa walikuwa wameachiliwa karibu wote. Mama mzee asiye na cheo wala fedha hawezi kuhimili mwaka wa namna ile peke yake. Alihimili kwa sababu alikuwa na wenzake wa kulala nao sakafuni, kanisa lililomfungulia mlango, na watu waliokuja kumjulia hali.

Sasa tumekuwa wepesi wa kutoa. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, michango ya hospitali na mazishi ilimiminika kwa simu, na mawakili wakajitolea kuwatetea waliokamatwa. Lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini michango ikishafungwa, tunatawanyika. Kesi huahirishwa mara kwa mara, na kila inapotajwa, mabenchi ya mahakama yanazidi kuwa matupu. Mama wa kijana aliyetekwa huzunguka vituo vya polisi na dada yake tu. Inauma kuona kizazi chetu, kilichojifunza kwa akina mama wale, kikiwaacha wenzake njiani.

Mwanaharakati huvunjwa na upweke kabla ya rungu. Kama yupo mmoja mtaani kwako, tuma mchango, kisha umfuate. Ulizia tarehe ya kesi yake, uende ukaketi nyuma yake mahakamani, na ikiahirishwa, urudi tena.