Maswali ya Baada ya Alasiri

Kwetu Msambweni, pwani ya Kenya, Ramadhani ilikuwa na darsa mbili. Ya kwanza ilisomwa msikitini baada ya sala ya alasiri: Maalim akiisoma tafsiri ya Jalalaini kwa Kiarabu, akiifasiri kwa Kiswahili, na akiona wazee wameanza kusinzia, akiingiza Kidigo. Ya pili ilikuwa uani, wanawake walikokuwa wakikuna nazi na kumenya mihogo ya futari. Hiyo haikuwa na mwalimu. Ilikuwa na maswali tu. Katikati tulikuwa sisi watoto, na kazi yetu ni kupeleka swali na kurudi na jibu.

Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ramadhani ilipoangukia Juni na Julai, kusi likivuma na bahari imechafuka. Huku karibu na ikweta mchana wa saumu haubadiliki sana: saa kumi na tatu na ushei, mwaka nenda mwaka rudi. Kinachobadilika ni upepo na kazi. Kusi lilipowazuia wavuvi, walipata wasaa wa kukaa msikitini hadi karibu na magharibi. Kina mama hawakuwa na msimu wa kupumzika, na maswali yao yalitoka katika kazi zao.

Moshi wa kuni ukiniingia kooni, saumu imeharibika? Mchuzi nitajuaje umekolea chumvi bila kuonja? Mwenye mtoto mchanga akiona maziwa yanakauka, afanyeje? Maalim alijibu kwa fikihi ya Kishafii, ileile ya kitabu cha Safina tulichosomeshwa chuoni. Moshi usioukusudia hauna neno. Mchuzi uonje kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Mwenye kunyonyesha akihofia mtoto, afungue, baadaye alipe siku zake na kwa kila siku atoe kibaba cha chakula. Akijihofia mwenyewe, alipe siku tu. Kibaba walikijua vizuri, maana ndicho walichopimia mchele, kama walivyojua kwamba vibaba vinne ni pishi, na pishi ndiyo zakatul-fitri ya kila mtu wa nyumba.

Nilipovunja ungo sikuruhusiwa tena kujipenyeza kati ya wanaume, kazi ikamwangukia mdogo wangu. Huyu maswali yalimfia njiani. La kuonja chumvi lilifika msikitini likiwa la kula chumvi, na jibu lililorudi liliwatia wanawake wasiwasi mpaka mke wa Maalim alipokuja kulinyoosha. Yako pia maswali ambayo hakuna mama angemtuma nayo mtoto wa kiume. Ya hedhi na nifasi yaliishia uani, yakijibiwa na nyanya. Alijibu sawa kwamba mwanamke hulipa saumu zilizompita wala halipi sala, lakini kwa mengine alikisia.

Mabadiliko ya kwanza niliyoyaona yalikuja na kitabu. Mjomba, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, alituletea Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Mzanzibari aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri hiyo ilikuwa imechapishwa Nairobi mwaka 1969. Njia ya kusomesha dini kwa maandishi ya Kiswahili ilikwisha kufunguliwa Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwa magazeti yake ya miaka ya 1930, ila uani kwetu ilifika na kitabu hiki. Mama alikuwa akijua kusoma. Akaanza kutuma swali pamoja na ushahidi wake: aya ya 184 ya Suratul Baqara inataja fidia ya kumlisha maskini, basi mwenye uwezo hawezi kulisha tu asifunge? Maalim hakukasirika. "Mwambie mamako asome na inayofuata," alisema, "hiyo ya 185 ndiyo iliyofunga mlango huo kwa mzima asiye safarini." Kuanzia siku hiyo kina mama waliuliza wakitaka na sababu.

Miaka ya 1990 zikaingia kaseti, za masheikh wa Mombasa na za Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar. Kaseti iliingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Nayo ilikuja na mabishano: tarawehe ni rakaa nane au ishirini, mwezi ni wa kuonekana kwetu au popote duniani. Nilizijua nyumba ambazo baba alianza kufunga leo na mwanawe alikwisha kufunga jana. Na kaseti hairudishi jibu ukiiuliza.

Redio ndiyo iliyotupa sauti. Redio Rahma na Redio Salaam za Mombasa zilipopokea simu za wasikilizaji, mwanamke wa Ukunda aliweza kuuliza habari za hedhi yake mwenyewe, bila mtoto wa kumtuma wala mtu wa kumtazama. Hata majibu mengine yalikuwa yamebadilika. Maalim wetu alifuata vitabu vilivyosema dawa ya sikio huvunja saumu, na jirani yetu aliugulia sikio mchana kutwa akingoja magharibi. Baraza la Fikihi lililokutana Jeddah mwaka 1997 likaamua kwamba matone ya macho na masikio hayavunji saumu, wala sindano ya dawa isiyo ya lishe.

Kisha ikaja Ramadhani ya 2020, ya korona. Misikiti imefungwa, kafyu inaanza saa moja jioni, na Kwale hakuna kutoka wala kuingia. Darsa zikahamia kwenye simu, na nyingi hazijarudi. Leo mpwa wangu husikiliza masheikh watatu kabla ya daku.

Sililii ya zamani. Mwanamke wa leo anajua dini yake kuliko nyanya, na hakuna anayemzuia kuuliza. Ila Maalim alikuwa na jambo ambalo simu haina: alikuuliza na wewe. Chukua mkulima wa mwani wa Kibuyuni. Maji ya bamvua hutoka kabla ya adhuhuri, jua likiwa kali, naye hawezi kuihamisha saa hiyo. Sheikh aliyerekodiwa mbali atamwambia kazi si udhuru, au atamwambia afungue. Maalim angemuuliza ni siku ngapi za bamvua, na kama kuna wa kumsaidia. Kisha angemwambia anuie usiku kama wenzake, aende shambani, na akizidiwa ndipo afungue na alipe.

Kwale sasa ina wasichana wengi waliosoma dini wakahitimu. Wazee wa misikiti, wapeni saa moja baada ya alasiri wakae na kina mama, kila msikiti na wake. Nanyi kina mama, sikilizeni simu mpendavyo, lakini swali la nyumba yenu mpelekeeni anayeijua nyumba yenu.