Dakika Kumi na Tatu

Mwaka jana, siku ya wazazi, bibi yangu alikuja shuleni kutoka shamba. Hakuwa amepata kufika hapa, na kwa miguu yake ilivyo, sidhani kama atakuja tena. Nilimpiga picha penye jua kwa kamera ya chama chetu, nikamwahidi: "Bibi, Jumapili nitakuletea."

Usiku nikaingia chumba cha giza. Jedwali la Ilford lasema mkanda wa HP5 Plus, katika dawa ya ID-11 iliyotiwa maji sawa kwa sawa, husafishwa dakika 13. Nilisoma dakika, nisisome maneno yaliyofuata: kwa joto la digrii 20. Maji yetu ya bomba hapa pwani yalikuwa digrii 29. Mkanda ukatoka mweusi kama kaniki. Nilipouchapa, uso wa bibi na ushungi wake vikawa kitu kimoja, cheupe kama chokaa.

Mwalimu hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Joto lilikuwa ngapi?" Nikanyamaza.

Akanipa mkanda mwingine. Nikaupiga wote kwa kitu kimoja: kanzu nyeupe na koti jeusi juu ya kamba. Gizani nikaukata vipande vitatu. Kwa beseni la maji na barafu niliweza kushika digrii 24. Digrii 20 zilinishinda, barafu iliyeyuka upesi. Joto likizidi, dakika hupungua. Kwa digrii 24 ni kama 9. Basi nikajaribu 8, 9 na 10. Kila dakika nilipindua tangi mara nne tu, maana kutikisa sana nako huzidisha kazi ya dawa.

Kwa dakika 10 kanzu haikuwa na mikunjo. Kwa 9 ilionekana kwa shida. Kwa 8 niliona mikunjo yote, na vifungo vya koti pia. Huenda kipimajoto chetu hakisemi kweli kabisa, lakini husema neno lilelile kila siku, na hilo latosha.

Likizoni nilimpiga bibi picha tena. Alipoletewa, aliitazama kitambo, akacheka: "Jumapili yako imechelewa sana, mjukuu wangu."

Ndugu wanafunzi, dakika za jedwali ni za kuanzia tu. Pimeni joto, jaribuni kwa kanzu kabla ya kujaribu kwa bibi, kisha andikeni daftarini mlichokiona.